SELI SHINA KWA MBWA ANAYECHECHEMEA: TIBA KWELI AU STORI TU?

Kabla sijafika mbali niweke sawa jambo moja, maana najua kuna watu watanirukia kwenye maoni. Masaki ninayoiongelea hapa siyo ile ya Dar, ya mageti ya umeme na mbwa wanaokula chakula cha kopo. Ni Masaki yetu ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, ya mihogo na mikorosho. Mbwa wapo kote kuwili. Wa kule akichechemea anapakiwa kwenye gari anapelekwa kliniki. Wa huku akichechemea watu wanasema "atapona tu huyo", na wakati mwingine kweli anapona.

Kilichonifanya niandike ni swali la kijana mmoja wa hapa kwetu. Ana German Shepherd wa miaka saba hivi, alimpata kwa jamaa aliyekuwa mlinzi Dar. Siku hizi mbwa asubuhi anaamka kwa shida, miguu ya nyuma inayumba, akikaa anakaa upande. Kijana kaona video mtandaoni: mbwa mzee huko Marekani hawezi kupanda hata ngazi moja, anachomwa sindano ya kitu wenyewe wanakiita stem cells, halafu wiki chache baadaye anakimbiza mpira kama mtoto. Hapo hapo kapata mtu wa kumwambia "hiyo dawa naweza kukutafutia, wewe andaa hela tu". Alishaanza kutafuta mteja wa simu yake. Akaniuliza: hii kitu ipo kweli?

Jibu fupi: ipo. Jibu refu ndilo linalohusu hela yako, kwa hiyo vumilia usome mpaka chini hata kama dakika zako za kafe zinakimbia.

Tuanze na kiungo chenyewe. Nyonga ya mbwa imekaa kama mchi kwenye kinu: kichwa cha mfupa wa paja, cha mviringo, kinazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Ili mifupa isisagane, kila upande umevishwa gegedu. Kama umewahi kula paja la kuku ukafika mwisho wa mfupa ukakuta kile kitu cheupe, laini, kinachoteleza, hilo ndilo gegedu. Katikati kuna ute unaolainisha, kama grisi kwenye beringi. Sasa ubaya wa gegedu ni kwamba halina mishipa ya damu. Kidonda cha ngozi kinapona kwa sababu damu inaleta vifaa vya ujenzi. Gegedu likichubuka vifaa haviji, au vinakuja kidogo sana. Likishaanza kulika, vipande vidogo vinaelea kwenye ute, mwili unakasirika, kiungo kinavimba na kuwaka moto, na ule moto wenyewe unazidi kulimaliza gegedu lililobaki. Ni yale yale ya bibi zetu wanaosema magoti yamesagika. Mbwa naye anasagika, ila yeye hasemi.

Kwa mbwa wakubwa wa kizungu kama German Shepherd, Labrador na Rottweiler, mara nyingi chanzo ni cha urithi. Kikombe cha nyonga hakina kina cha kutosha, mchi unachezacheza ndani ya kinu, na kila hatua unakwaruza. Mtoto wa mbwa akilishwa kupita kiasi akakua haraka na kunenepa, mambo yanaharibika zaidi. Mbwa koko wetu tatizo hilo hana sana. Nadhani ni kwa sababu koko mwenye nyonga mbovu hakupewa nafasi ya kuishi mpaka azae watoto wengi, maisha yenyewe yalimchuja.

Haya, seli shina ni nini? Mwili umejengwa kwa seli, na seli nyingi zimeshapewa kazi: hii ya ngozi, hii ya ini, hii ya msuli. Seli shina ni ile ambayo bado haijafungwa kwenye kazi moja, kama kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye bado hajajua ataishia ufundi, ualimu au jeshini. Inaweza kujigawa, na ikipata mazingira fulani inaweza kugeuka kuwa seli ya mfupa, ya gegedu au ya mafuta. Mrusi mmoja, Alexander Friedenstein, alianza kuzionyesha seli za namna hiyo kwenye uboho wa mifupa tangu miaka ya 1960. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan akazipa jina lililoenea dunia nzima. Halafu mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake huko California wakaonyesha kwamba zipo pia kwenye mafuta ya mwilini, yale yale watu wanayoenda kunyonywa ili wapungue tumbo.

Hapo ndipo biashara ilipofunguka, maana kupata mafuta ni rahisi kuliko kuchokonoa mfupa. Mwaka 2002 ikaanzishwa kampuni ya Vet-Stem huko California. Ilianza na farasi wa mashindano walioumia kano za miguu, baadaye ikaja kwa mbwa. Utaratibu wao uko hivi: daktari anampiga mbwa nusukaputi, anakata kipande cha mafuta, anakituma maabara kwa ndege. Kule mafuta yanachanganywa na vimeng'enya vinavyoyayeyusha, yanazungushwa kwenye mashine mpaka seli zijitenge, zinahesabiwa, zinarudishwa ndani ya siku mbili hivi, na mbwa analazwa tena ili achomwe ndani ya kiungo. Gharama yake kwa Marekani ni dola elfu mbili na kuendelea. Piga hesabu mwenyewe hiyo ni mihogo magunia mangapi.

Mwanzoni watu waliamini kwamba seli zikiingia ndani ya kiungo zinageuka gegedu jipya, kama unavyopiga plasta ukuta uliobomoka. Video nyingi bado zinauza stori hiyo. Lakini seli nyingi unazochoma hazikai, zinatoweka baada ya siku au wiki. Kinachoonekana ni kwamba wakati zipo zinatoa kemikali zinazoambia kinga ya mwili ipunguze hasira. Kwa Kiswahili cha mtaani: hazijengi nyumba, zinatuliza ugomvi, kama mjumbe wa nyumba kumi. Caplan mwenyewe, aliyezipa jina, mwaka 2017 aliandika kwamba umefika wakati wa kubadilisha jina hilo kwa sababu kuziita seli shina kunawapa watu picha isiyo sahihi. Fikiria, baba anasema jina nililompa mtoto linawapoteza watu! Kwa hiyo ukisikia "inaotesha kiungo kipya", anayesema hivyo ama hajasoma ama anauza.

Je, kutuliza ugomvi kunamsaidia mbwa? Hapa ndipo pazuri, na ndipo video zinapokimbia.

Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa mbwa 21 wenye nyonga zilizosagika. Wengine walichomwa seli, wengine dawa ya bandia, na waliowapima hawakuambiwa nani kapata nini. Waliopata seli walichechemea kidogo kuliko wenzao. Habari njema, lakini mbwa 21 ni wachache, hata timu mbili za mpira hawafiki. Mwaka 2016 ukatoka mkubwa zaidi. Seli zilitoka kwa mbwa wengine wazima, siyo mafuta ya mgonjwa mwenyewe, na mbwa 74 ndio walioingia kwenye hesabu ya mwisho. Kwa macho ya wenye mbwa, waliopata seli walionekana kupata nafuu kwa asilimia 79. Waliopata dawa ya bandia? Asilimia 55!

Soma tena hiyo namba ya pili. Zaidi ya nusu ya mbwa ambao hawakupewa seli hata moja, wenyewe walisema "amepata nafuu". Tofauti kati ya 79 na 55 ndiyo kazi ya seli. Hiyo nyingine ni matumaini ya mwenye mbwa, hali ya hewa, mapumziko, na tabia ya ugonjwa wenyewe, maana kusagika kuna siku mbaya na siku nzuri. Watu wanampeleka mbwa kwa daktari siku ile mbaya kuliko zote, kwa hiyo hata usipofanya kitu wiki inayofuata ataonekana afadhali. Na usidhani madaktari wamesalimika: mwaka 2012 kuna watafiti waliwatazama mbwa 58 waliokuwa kwenye dawa ya bandia, wakalinganisha maneno ya watu na mashine inayopima mbwa anakanyaga kwa uzito gani. Wenye mbwa na madaktari wote waliona nafuu mara nyingi ambapo mashine haikuona kitu.

Ndiyo maana mimi video moja ya mbwa anayekimbia hainishawishi, hata ikiwa na muziki mzuri.

Lakini nisiwe kama naipiga vita. Ulaya mwaka 2019 waliruhusu dawa ya kwanza ya seli shina kwa wanyama, ya farasi, na mwaka 2022 wakaruhusu moja ya mbwa wenye viungo vilivyosagika, inaitwa DogStem. Ajabu yake ni kwamba seli zake zinatoka kwenye kitovu cha farasi aliyezaliwa. Mbwa anachomwa seli za farasi na anapata nafuu ya maumivu! Hilo lenyewe linakuonyesha kwamba hazijengi gegedu, maana gegedu la farasi ndani ya mbwa litafanya nini. Na Wamarekani mwaka 2015, kupitia mamlaka yao ya FDA, walitoa mwongozo kwamba seli za wanyama zinahesabika kuwa dawa, kwa hiyo siyo kila mtu anaamka asubuhi anauza. Kwa kifupi ni tiba halali, ya kiasi, ya gharama, inayopunguza maumivu kwa baadhi ya mbwa. Haimrudishii mbwa ujana.

Sasa turudi kwa yule "naweza kukutafutia". Seli shina ni kitu HAI. Hiyo ndiyo siri yote ya kumkamata muongo. Kibaha watu wanaelewa jambo hili vizuri kuliko wanavyojua, kwa sababu pale kuna kituo cha uhimilishaji cha kanda ya mashariki. Mbegu za madume ya ng'ombe kutoka kituo cha taifa, NAIC ya Usa River Arusha, zinasafiri ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Naitrojeni ikiisha kwenye mtungi, mbegu zimekufa, hata kama kile kimrija bado kinang'aa na maandishi yake. Ndiyo hapo utasikia mfugaji analalamika ng'ombe kapandishwa mara tatu hashiki. Chanjo nazo, zile ambazo Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wanazitengeneza hapo hapo Kibaha, zikipigwa jua zinakuwa maji tu. Seli shina ni nyeti kuliko hizo. Kwa hiyo mtu akikuletea kichupa kimetoka mfukoni mwa suruali, kimepanda daladala kutoka Kariakoo mpaka Kisarawe, hata kama kweli zilikuwa seli, sasa hivi ni supu.

Na zile za unga na vidonge vya kumeza zinazotangazwa zina "nguvu ya stem cells"? Seli ukizimeza zinasagwa tumboni kama mishikaki. Hazijui njia ya kwenda kwenye nyonga.

Muulize maswali yafuatayo huku unamtazama usoni. Seli zimetoka kwa mnyama gani? Maabara gani ilizihesabu? Zimesafirije? Namba ya usajili wa dawa kutoka TMDA iko wapi? TMDA ndiyo ile iliyokuwa TFDA mpaka mwaka 2019, na dawa za mifugo ziko chini yake pia. Halafu mchomaji mwenyewe amesajiliwa na Baraza la Veterinari? Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka hivyo. Sindano ya ndani ya kiungo siyo ya kuchoma porini. Bakteria wakiingia mle ndani kiungo kinaoza, na mguu unaweza kupotea kabisa.

Kuna hatari moja inanikera zaidi kwa sababu inafanya kazi. Kuna sindano ya deksamethasone, wengi mnaijua kama deksa. Ni ya bei nafuu, na ukimchoma mbwa mwenye viungo vinavyowaka anaweza kuamka kesho yake anatembea. Mtu akikuchomea deksa akaiita seli shina, utajuaje? Hutajua! Utampigia makofi na utamletea wateja. Baada ya muda dawa inaisha, maumivu yanarudi, unalipa tena, na deksa ya mara kwa mara inaendelea kumaliza gegedu na kushusha kinga ya mwili. Deksa ina kazi zake halali mkononi mwa daktari, silaumu dawa. Nalaumu jina la uongo.

Mpaka hapa nimeongelea German Shepherd wa yule kijana. Mbwa wengi wa Masaki hawana ugonjwa huo, na hili ndilo linalosahaulika. Huku kwetu Pwani familia nyingi kwa sababu za dini hazimgusigusi mbwa, hilo linaeleweka na sina la kusema. Mbwa analala nje, anakaa shambani anafukuza ngedere na nguruwe pori wasimalize mihogo. Mara nyingi watoto ndio wa kwanza kuona kwamba anaumwa, na hawasikilizwi. Ukimchunguza huyo koko anayechechemea utakuta kagongwa na bodaboda, kapigwa jiwe au panga kwa kuiba kitoweo, kakanyaga mwiba au mtego, au ana funza katikati ya vidole vya mguu. Hakuna seli shina hapo. Mfupa uliovunjika unataka kufungwa, mwiba unataka kutolewa, na jeraha linataka kuoshwa.

Halafu kuna kupe. Wapo kupe wanaobeba vimelea vinavyoingia kwenye damu ya mbwa, na mojawapo ya dalili ni viungo kuuma: leo anachechemea mguu wa mbele, kesho wa nyuma, ana homa, hali, fizi zimepauka, wakati mwingine damu puani. Mwenye mbwa anasema "uzee huo". Kumbe ni ugonjwa unaotibika kwa antibayotiki ya kawaida ukiwahi, na ukichelewa unaua. Mbwa anayebadilisha mguu wa kuchechemea mpeleke akapimwe damu kabla hujawaza jambo lingine.

Na hili liko nje ya mambo ya viungo lakini siwezi kuliruka. Mbwa ambaye hajachanjwa, akianza GHAFLA kupepesuka miguu ya nyuma, taya linalegea, mate yanatoka, sauti imebadilika, usimshike kumtazama nyonga. Kichaa cha mbwa siyo lazima aje anabweka na kung'ata kila mtu. Kuna cha kimya kinachoanza kwa kupooza. Makadirio yanayotumika sana ni watu 1,500 hivi wanaokufa kwa ugonjwa huo kila mwaka Tanzania, wengi wao watoto. Mfungie mbali bila kumgusa, mwite ofisa mifugo. Kama kakung'ata, au mate yake yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu kimbia hospitali ukaanze chanjo SIKU HIYO HIYO. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa, hata ya dola milioni.

Sasa nije kwenye kitu kinachoua mbwa wenye maumivu ya viungo kuliko kusagika kwenyewe: kabati la dawa za nyumbani. Mtu anamuonea mbwa huruma, anafikiri "bibi anakunywa diklopa goti linatulia, ngoja nimpe na huyu nusu". Diklofenaki, ndiyo hiyo diklopa, na brufeni, mbwa haziwezi kama binadamu. Dawa hizi zinazuia kemikali inayoleta maumivu, lakini kemikali za ukoo huo huo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo na kupeleka damu kwenye figo. Mwili wa mbwa unachelewa kuzitoa, zinarudi na kuzunguka tena, tumbo linatoboka. Dalili ni kutapika, kukataa kula, kinyesi cheusi kama lami, kulala tu. Panadol nayo ikizidi inaharibu ini lake na damu. Watu wanasema mbwa kalishwa sumu na jirani, kumbe sumu imetoka mezani kwao kwa nia njema kabisa. Na kama mtu kampa diklopa asubuhi halafu jioni mwingine akamchoma deksa, hapo hatari inazidi maradufu, hizo mbili hazipatani hata kidogo.

Zipo dawa za maumivu za jamii hiyo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama carprofen, na meloxicam kwa vipimo vya mbwa. Daktari anakadiria kwa uzito, na vizuri apime figo na ini kwanza. Usikadirie kwa kijiko. Tangu 2020 huko Ulaya kuna pia sindano ya kila mwezi inaitwa Librela, inayozima ujumbe wa maumivu. Marekani iliruhusiwa 2023, na Desemba 2024 FDA ikawaandikia madaktari barua kuhusu madhara yaliyoripotiwa. Kila kipya kinakuja na barua yake.

Lakini tiba ambayo ushahidi wake unanifurahisha kuliko yote haina sindano. Kuanzia mwaka 1987 kampuni ya chakula cha mbwa, Purina, iliwafuga Labrador 48, wawili wawili wa mama mmoja. Mmoja alikula kiasi cha kawaida, mwenzake akapewa robo pungufu, maisha yake yote. Utafiti ulichukua kama miaka 14. Waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa sana kusagika kuliko ndugu zao. Kampuni inayouza chakula ndiyo iliyogundua kwamba kula kidogo ni dawa, raha iliyoje. Kwa koko wa Masaki ushauri huu hauna maana, yeye mbavu zinahesabika. Ila kwa yule German Shepherd anayekula ugali wa watu watatu na kulala kibarazani siku nzima, hapo ndipo pa kuanzia. Ukipapasa mbavu zake huzisikii, mpunguzie.

Mengine ni ya kawaida. Mtembeze kidogo kidogo kila siku badala ya kumkimbiza Jumapili moja mpaka ulimi uguse chini. Asilale kwenye saruji ya baridi, gunia lililojazwa majani makavu linatosha. Sakafu ya kuteleza inamuumiza, mkeka unasaidia. Na nyonga ikiharibika kabisa, kuna upasuaji wa kukata kile kichwa cha mfupa wa paja. Mchi unaondolewa kwenye kinu, misuli inashika nafasi yake, mbwa anatembea bila mifupa kusagana. Unafaa zaidi kwa mbwa wadogo na wepesi, mkubwa mnene anahangaika. Lakini ni upasuaji ambao mtaalamu wa wanyama anaufanya bila maabara ya California.

Yule kijana nimemwambia asiuze simu. Aanze na ofisa mifugo wa kata, aandikiwe, halafu akapige eksirei ya nyonga, iwe kliniki ya Dar au hospitali ya wanyama ya SUA pale Morogoro, ambako ndiko wanakofundishwa madaktari wa mifugo wa nchi hii. Usafiri ndio mtihani, maana kondakta wa basi la Morogoro akiona jibwa hilo anafunga mlango. Watu wanachangia kirikuu au wanapanga na dereva wa fuso anayerudi mtupu. Na kama wewe uko kwenye biashara ya kuuza watoto wa mbwa, ambayo vijana wengi sasa mmeingia, mpige eksirei mama na baba kabla ya kuwapandisha. Nyonga mbovu inazaa nyonga mbovu, na mteja wako atarudi baada ya miaka mitatu na maneno.

Ukienda kwa daktari, simu hiyo hiyo ambayo hukuiuza itumie. Mrekodi mbwa asubuhi mapema anapoamka, anavyotembea hatua kumi za kwanza, ukiwa nyuma yake halafu ubavuni, kwenye ardhi tambarare. Mbwa akifika sehemu ngeni yenye harufu ya dawa anaogopa, anakaza mwili, anatembea kama mzima kabisa, na daktari anabaki anakushangaa wewe. Rekodi nyingine baada ya mwezi, saa ile ile na sehemu ile ile, halafu mpe mtu ambaye hajui ipi ya kwanza na ipi ya pili akuambie ipi mbwa anatembea vizuri.